Yaonje Kwanza

Kibokoni, Mombasa
Jumatatu, 1 Septemba 2025

Kwa Bwana Bramwel, karani wa lango, godauni la Shimanzi

Salamu nyingi. Huenda wewe umenisahau, lakini mimi sijakusahau wala sitakusahau karibuni. Mimi ni yule mwalimu uliyemzuia langoni mwezi wa Juni na madawati kumi na manne ya shule. Karatasi zilikuwa na mihuri mitatu, zikakosa sahihi moja. Nilikueleza, nikakubembeleza, nikakwambia watoto wakaa sakafuni. Ukanijibu kwa adabu ya kuudhi: "Mwalimu, mimi nasoma kilichoandikwa." Nikarudi Kibokoni na jua lile. Nilipokuja na sahihi, ukaona tarehe haipo, ukanirudisha tena.

Siku ile nilikulaani njia nzima. Leo nakuhitaji.

Nafundisha Gredi ya Pili, watoto thelathini na wawili. Hati zao ni nzuri, maadamu wanakili ubaoni. Waambie waandike jambo la kwao wenyewe, kalamu zasimama. Kuna mmoja, Nabiha, ana miaka minane, aandika vizuri kuliko mimi. Tangu Januari hajaandika sentensi hata moja ambayo sikuiandika mimi kwanza. Hilo laniuma kuliko nnavyoweza kukueleza. Ndipo nikaamua niwafundishe kuandika maelekezo, hatua kwa hatua, kwa kupanda maharagwe. Wapande kwa mikono yao, kisha waandike namna ya kupanda, ili mtu mwingine asome naye apande.

Wazazi wamekwenda kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Arnold, kulalamika kwamba watoto warudi nyumbani na matope kuchani, na madaftari ya darasa la jirani yamejaa ilhali ya kwetu ni meupe. Mwalimu Arnold amenipa sharti, nami nimelikubali mbele ya walimu wote. Kabla ya siku ya wazazi, Alhamisi tarehe 16 Oktoba, mtu asiyejua kupanda, asiyetujua, apande kwa kuifuata karatasi ya watoto peke yake, na maharagwe yamee. Yasipomea, narudi kwenye ubao, na watoto warudi kunakili mpaka mwaka uishe.

Nimetafuta mtu nikakosa. Walimu wenzangu watajazia pale watoto walipokosea. Majirani zangu nyumbani Makadara watajazia. Mtu mwema hujazia. Mimi nataka asiyejazia, na katika Mombasa nzima namjua mmoja tu.

Hakuna simu. Ukinipigia utaniuliza, nikikujibu nitakuwa nimepanda mimi. Barua atazibeba Masha wa tuktuk, ambaye kila asubuhi yuko huko kwenu. Karatasi ya watoto nimeiambatisha, pamoja na maharagwe. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Wewe utaambiwa.

Mwalimu Mbodze


Shimanzi
Ijumaa, 5 Septemba 2025

Kwa Mwalimu Mbodze

Nimepokea barua yako na karatasi ya watoto. Zote mbili zina tarehe. Ahsante kwa hilo.

Madawati nayakumbuka. Nakubali kazi hii. Kuhusu sharti la kutojua kupanda, hapa nilipo hakuna shamba, ni saruji na malori tangu asubuhi hadi jioni. Taarifa yangu ni hii.

"Chukua mkebe." Nilichukua. Hamkusema uwe mtupu. Nilioukuta karibu ulikuwa na grisi, na ulikuwa wa Nicanor, kijana anayeendesha mashine ya kuinulia mizigo. Amekuja kuuulizia mara mbili.

"Weka udongo." Niliweka juu ya grisi.

"Weka haragwe." Nililiweka juu ya udongo, kwa sababu hapo ndipo mkono unapofika kwanza.

"Weka maji." Hamkusema kiasi. Niliweka mpaka mkebe ukajaa. Haragwe likaelea.

"Ngoja." Nilingoja. Saa nne na robo kunguru alitua ukingoni, akaliangalia haragwe, akaniangalia mimi, akalichukua. Bado nangoja, kwa kuwa hamkuandika mpaka lini.

Wako katika kazi,
Bramwel


Kibokoni
Jumatatu, 15 Septemba 2025

Kwa Bwana Bramwel

Barua yako nimeisoma darasani mara tatu, kwa kutakwa. Mara ya kwanza walicheka mpaka mwalimu wa jirani akaja kuchungulia. Mara ya pili Zaki, ambaye hakai kitako, akasema karani huyu ni mjinga. Mara ya tatu hakucheka mtu. Walianza kulaumiana. Nani aliandika "weka haragwe"? Weka wapi? Kwani yeye angejuaje?

Halafu Nabiha akainuka bila kuitwa, akaja mezani kwangu, akaichukua karatasi ya kwanza, na baada ya neno "mkebe" akaandika "mtupu". Neno moja tu. Kisha akarudi kukaa kana kwamba hakufanya jambo. Bwana Bramwel, hilo neno sikuliandika mimi ubaoni. Nimeikunja karatasi ile na kuitia katika mkoba wangu, na sitaitoa.

Juma zima tumekuwa tukiandika na kufuta. Kina cha shimo kilituletea vita. Mmoja alisema pingili moja ya kidole, mwingine akauliza kidole cha nani, na ikabidi wapange mikono mezani kupima. Kiasi cha maji tumekubaliana kikombe kimoja cha kahawa kila asubuhi, kwa kuwa hakuna nyumba ya Kibokoni isiyokuwa na vikombe vya kahawa, nawe nakutumia kimoja usije ukatumia ndoo. Ya darasani yamemea kwa maelekezo haya haya. Mkebe una matundu chini sasa. Kunguru naye amewekewa wavu juu.

Hatua ni tisa. Panda kesho.

Mwalimu Mbodze


Shimanzi
Ijumaa, 26 Septemba 2025

Kwa Mwalimu Mbodze

Maharagwe yameota. Mawili kati ya matatu. Leo asubuhi yana majani.

Hatua zote tisa zilifuatwa. Sina la kuongeza. Wape watoto hongera.

Bramwel


Kibokoni
Jumatatu, 29 Septemba 2025

Kwa Bwana Bramwel

Masha alipoisoma barua yako barabarani, na najua aliisoma kwa sababu bahasha ilikuja wazi, alipiga honi tangu Makadara mpaka mlangoni pa shule. Watoto walijua kabla sijafungua kinywa.

Nilikwenda kwa Mwalimu Arnold na karatasi yako mkononi. Aliisoma amesimama. Akasema, "Basi, Mbodze, umeshinda kabla ya siku." Akanipa mkono. Tangu niajiriwe hapa hajawahi kunipa mkono. Karatasi ya watoto itatundikwa siku ya wazazi, na ubao utabaki kuwa wa kufutwa, si wa kunakiliwa.

Nimefurahi mno. Lakini nitakwambia ukweli, barua yako ilinipa njaa. Ile ya kwanza ilikuwa na grisi na kunguru. Hii haina hata nzi. Labda malori yalikuwa mengi.

Watoto wamenakili maelekezo, kila mtu nakala yake, wapande majumbani. Huku kunakili sikukukataza. Nabiha amempa bibi yake, ambaye ndiye anayemlea. Bibi husoma herufi za Kiarabu tu, kwa hiyo Nabiha atamsomea hatua moja moja, na amekatazwa kuongeza neno.

Mwalimu Mbodze


Kibokoni
Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Kwa Karani

Shikamoo. Mimi ni Nabiha. Mwalimu hakuniandikia barua hii.

Bibi alipanda. Nilimsomea zote tisa. Hakukosea. Siku ya saba hayakumea. Tulifukua. Yameoza na yanuka.

Nikamuuliza bibi maji alipata wapi. Akasema kisimani, hapa uani. Maji ya kisima chetu ni ya chumvi. Twaoshea sakafu na vyombo. Ya kupikia na ya kunywa twanunua kwa mwenye mkokoteni. Bibi asema maji ya kununua hayamwagwi mchangani, ni israfu.

Darasani twamwagilia kwa chupa zetu za kunywa. Kwa hivyo yamea.

Tuliandika maji. Hatukuandika maji gani.

Karani, maji ya kwenu yatoka wapi? Ikiwa ni ya chumvi yalimeaje?

Nabiha


Kibokoni
Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Kwa Bwana Bramwel

Barua ya Nabiha nimeitia bahasha moja na hii. Ni barua ya kwanza kuandika maishani mwake na sikugusa hata nukta.

Nimemuuliza Masha kuhusu maji ya godauni lenu. Anasema bomba lenu ni la kisima kilichochimbwa hapo hapo, ukinawa uso wakauka na kuwasha, na madereva wote hununua maji ya chai nje.

Mtoto amekuuliza swali. Mjibu yeye kwanza.

Mwalimu Mbodze


Shimanzi
Jumanne, 7 Oktoba 2025

Kwa Nabiha

Marahaba. Maji yetu yanatoka kisimani na ni ya chumvi. Ulilolifikiria ni kweli. Sikutumia maji hayo. Nilitumia ya kunywa, na karatasi yenu haikuniambia hivyo. Nilijazia mwenyewe, kisha nikaandika kwamba nilifuata. Nimekukosea wewe na darasa lako. Nisamehe.

Karani


Kwa Mwalimu Mbodze

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia mkononi mwa mtoto wa miaka minane.

Mimi ni mwana wa mkulima. Kwetu Kimilili nilipanda maharagwe kabla sijajua kushika kalamu. Mama yangu alikuwa akinitanguliza shambani yeye akifuata nyuma na jembe, na nikiangusha mbegu mbili shimo moja nilirudi kuokota. Ulipoandika kwamba unataka mtu asiyejua kupanda, nilikujibu kwamba hapa ni saruji na malori. Ni kweli, lakini halikuwa jibu la swali lako. Niliitaka kazi ile. Nimekaa lango hili miaka tisa, na hakuna aliyewahi kuniandikia barua, isipokuwa za kunishtaki kwa mkubwa wangu.

Tarehe 16 Septemba nilipanda kama mlivyoandika, kwa maji ya bomba letu. Nilijua yatakufa. Tarehe 20 nilifukua, yameoza yote matatu. Nilipaswa kukuandikia hivyo siku ile ile, kila kitu, kama ile barua ya kunguru. Badala yake nilipanda mengine na kuyamwagilia kwa chupa yangu. Nilikuwa nimeitazama tarehe yako ya Oktoba, nikaona mkianza upya mtachelewa, nikasema moyoni ni neno moja tu limekosekana. Malori mangapi nimeyarudisha kwa neno moja. Wewe mwenyewe nilikurudisha kwa tarehe.

Nimepitisha mzigo bila karatasi. Sina utetezi.

Bramwel


Kibokoni
Jumatano, 8 Oktoba 2025

Kwa Bwana Bramwel

Nimekukasirikia, na naandika nikiwa nimekasirika, usitafute upole humu.

Nilikuchagua kwa sababu mwezi wa Juni hukunihurumia. Nilijua mtu yule hatawadanganya watoto wangu kwa huruma. Ukaja ukanihurumia Septemba. Wajua ulichotaka kuniachia? Karatasi mbovu iliyotundikwa ukutani na kupigiwa makofi, na watoto thelathini na wawili wanaoamini kwamba ukiandika nusu, mtu mwema atakumalizia. Hayo ndiyo walikuwa nayo tangu mwanzo. Ndiyo nnayopigana nayo.

Leo asubuhi niliingia kwa Mwalimu Arnold nikamwambia ya Shimanzi yafutwe. Nilimweleza yote. Akauliza ni nani aliyegundua. Nikamwambia ni Nabiha. Akauliza, "Nabiha yule?" Nikasema yule. Akasema, "Sharti ni lile lile na siku ni ile ile." Sikuomba nyongeza. Zimebaki siku nane, na haragwe likienda vizuri lataka sita au saba.

Maji yakimwagika hayazoleki. Tutateka mengine.

Wewe hutagusa. Mtafute mtu hapo ambaye haragwe amelijua kwenye sahani tu, umpe karatasi hii, na ukae mbali. Akiuliza, usijibu. Akikosea, mwache akosee. Siku ya wazazi nitasimama na kusema lililotokea, liwe lipi. Yasipomea, nitatangaza mimi mwenyewe kwamba narudi kwenye ubao, sitamwachia Mwalimu Arnold kazi hiyo.

Karatasi ni hii. Wameiandika jana na leo, hawakutoka hata kucheza. Hatua ya nne ni ya Nabiha. Zaki alitaka aandike "maji mazuri", Nabiha akamwambia bibi yake naye aliona maji yake ni mazuri.

NAMNA YA KUPANDA MAHARAGWE
1. Tafuta mkebe mtupu. Uoshe.
2. Toboa matundu matatu chini kwa msumari. Ikiwa wewe ni mtoto mwite mtu mzima. Ikiwa wewe ni mtu mzima toboa.
3. Tia udongo. Usitie mchanga wa pwani. Acha nafasi ya vidole viwili juu.
4. Tafuta maji. Yaonje kwanza. Ukiyatema usiyatumie. Tafuta mengine, hata kama ni ya kununua. Si israfu.
5. Loweka maharagwe matatu kwa maji hayo tangu asubuhi mpaka jioni.
6. Fanya mashimo matatu kwa kidole cha shahada, mpaka pingili ya kwanza. Kidole chako, si cha mwenzako.
7. Tia haragwe moja kila shimo. Funika kwa udongo. Usigandamize.
8. Mwagilia kikombe kimoja cha kahawa kila asubuhi. Maji yale yale uliyoyaonja.
9. Weka penye jua la asubuhi. Weka wavu juu kwa sababu ya kunguru.
10. Ngoja mpaka uone kijani. Usifukue kuchungulia.

Mwalimu Mbodze


Shimanzi
Jumatano, 15 Oktoba 2025, saa kumi jioni

Kwa Mwalimu Mbodze

Karatasi yenu ilifika tarehe 8 jioni. Nilimpa Nicanor, mwenye ule mkebe wa grisi. Amezaliwa na kukulia katika nyumba za reli, baba yake na babu yake wote watu wa reli, na aliniuliza kama haragwe hupandwa likiwa bichi au limechemshwa. Nikaona huyu ndiye. Sikumjibu.

Alianza tarehe 9 alfajiri. Mimi nilikaa kitini langoni, na mikono nikaikalia.

Alipofika hatua ya nne alikinga maji ya bomba kiganjani, akayanywa, akayatema mbele ya foleni ya malori. Madereva walimcheka. Akasoma tena karatasi, akatoka nje kwa mwenye mkokoteni. Nilimwona toka hapa. Alitaka kuonja kabla ya kununua, na yule mzee akamuuliza kama ana wazimu. Nicanor akamwonyesha karatasi, akamwambia, "Imeandikwa." Akaonja. Hakutema.

Tangu siku hiyo hajaruka hatua. Kila asubuhi kikombe kimoja cha kahawa. Madereva sasa hawacheki, wanakuja kuuliza. Jana mmoja alinyoosha kidole akwangue udongo aone, Nicanor akaushika mkono wake na kumsomea hatua ya kumi kwa sauti.

Jumatatu udongo ulipasuka kidogo. Mimi najua mpasuko ule maana yake nini, lakini nilichokijua mimi hakimo karatasini. Leo saa kumi jioni hakuna kijani. Kesho ndiyo siku yako. Ningependa kuandika vingine, na wewe unajua naweza kuandika vingine.

Hakuna kijani. Hivyo ndivyo ilivyo.

Bramwel


HATI YA KUTOKA LANGONI
Alhamisi, 16 Oktoba 2025, saa moja kasorobo asubuhi

Mzigo: mkebe mmoja wa maziwa ya unga, umeoshwa, una matundu matatu.
Kilichomo: udongo, maharagwe matatu. La kwanza limetoka lote, ni kijani, shingo bado imeinama. La pili limeinua udongo na linaonekana. La tatu bado.
Aliyepanda: Nicanor, peke yake.
Aliyeshuhudia: karani, akiwa umbali wa hatua sita.
Chombo: tuktuk ya Masha. Mkebe umepakatwa na aliyepanda.
Unakokwenda: Gredi ya Pili, Kibokoni.
Karatasi za mzigo: moja, hatua kumi. Hakuna iliyokosekana. Hakuna iliyoongezwa.
Uamuzi: Upite.

Bramwel, karani wa lango


Kibokoni
Ijumaa, 17 Oktoba 2025

Kwa Bwana Bramwel

Nilikukasirikia siku nane. Jana saa mbili kasoro dakika kumi ikaisha.

Wazazi walikuwa wamekwisha kukaa. Mimi nilikuwa nimesimama mbele na barua yako ya Jumatano mkononi, ile ya "hakuna kijani", nimeshaisoma mara mbili kimya ili sauti isinikatike nitakapoisoma kwa watu. Nilikuwa tayari. Nilianza kwa kuwaeleza yaliyotokea Septemba, kwamba tulisema tumeshinda na hatukuwa tumeshinda. Sikulitaja jina lako. Nilipofika kwenye kopo la bibi yake Nabiha, nikasikia honi.

Nicanor aliingia na ovaroli lake la kazi, mkebe ameukumbatia kwa mikono miwili, watu wakampisha. Aliuweka mezani kwa Mwalimu Arnold pamoja na hati yako. Mwalimu Arnold akaisoma hati yote kwa sauti, mpaka "la tatu bado". Kisha akaichukua karatasi ya watoto akaisoma pia. Alipofika hatua ya nne akasimama. Akauliza nani ameandika hapa.

Nabiha aliinuka. Akasema, "Mimi." Kisha, bila kuulizwa, akasema, "Bibi yangu alitumia ya kisima. Hatukumwambia."

Mwalimu Arnold akamwambia mwalimu wa Gredi ya Kwanza, "Wako nao waanze Jumatano." Ndilo jibu lake lote. Ubao wangu nimebaki nao wa kufuta. Nililia mbele ya wazazi, sioni haya kusema.

Mzazi mmoja alisimama bado akitaka daftari lililojaa. Bibi yake Nabiha akamwambia, "Mwanangu, kaa. Mimi nimepanda mara ya pili kwa maji ya kununua, na mtoto huyu amenisimamia mpaka nimeyaonja, maji nnayoyanywa miaka yote." Watu wakacheka, yule mzazi akakaa.

Sasa sikiliza. Watoto wataka kukuona. Nimewaambia karani ni mtu wa kazi, huenda asipate nafasi, wakaniambia hujawahi kuelekezwa njia. Wameandika wenyewe. Mimi nimeisoma tu, na sina la kuongeza.

Mwalimu Mbodze

NAMNA YA KUFIKA DARASANI KWETU
1. Omba ruhusa kazini. Ikiandikwa iwe na tarehe.
2. Panda tuktuk ya Masha. Mwambie Makadara.
3. Shuka. Ingia njia ya Kibokoni kwa miguu. Nenda mpaka unuse mkate wa mofa.
4. Mlango wa kwanza wa mbao si wetu. Wa pili wa mbao si wetu. Wetu ni wa chuma, wa kijani.
5. Mlinzi atakuuliza karatasi. Mpe hii.
6. Panda ngazi kumi na moja. Ya tano imevunjika, iruke.
7. Ingia. Usingoje kuitwa. Mwalimu hajakasirika tena, tumemuuliza.
8. Ikiwa kuna hatua tumeiacha, usijazie mwenyewe. Tuandikie.